Mama alipimwa presha kule Kaloleni, Baba akaanza kula mboga bila chumvi

Wakuu, habari za jioni, na wale mko zamu ya usiku pia nawasalimu.

Juzi kuna mtu humu aliuliza hivi hizi research za "ukila hiki utaugua kile" zinafanywaje, na kama kuna ukweli ndani. Wengi walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu niliwahi kufanya kazi hiyo, na mama yangu mzazi alikuwa mmoja wa waliopimwa. Naandika nilichokiona na kuishi nacho. Majina ya watafiti sitayataja.

Tuanze.

Katikati ya miaka ya themanini nilikuwa nimemaliza form four, niko nyumbani Kaloleni, Kisumu. Zile nyumba za council. Baba alikuwa karani wa stoo, mtu wa Bondo. Mama alizaliwa Asembo Bay, akaletwa mjini na ndoa. Baba hakuwahi kumwita kwa jina lake. Alimwita Nyar Asembo, yaani binti wa Asembo, hata walipokuwa wamekosana.

Mama alikuja mjini akiwa mwembamba, picha ya harusi ipo. Kufikia wakati ninaousema alikuwa ameshiba vizuri, mashallah. Mlango wa jikoni alikuwa anaupita kwa heshima.

Na Baba alikuwa anajivunia huo unene! Wakwe wakija kutoka Asembo alikuwa anamwita Mama sebuleni bila sababu yoyote, ili tu waone.

Chumvi sasa. Mama alikuwa anaweka chumvi kwenye samaki, anaweka kwenye mchuzi wa samaki, halafu akishapakua anaongeza tena kabla hajaonja. Ukimuuliza anasema, "Ulimi wangu ndio unajua."

Basi nikapata kazi.

Kulikuwa na daktari mmoja, mama wa makamo, mpole sana, alikuwa anaongoza utafiti wa presha. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: tunaenda Asembo Bay, tunapima watu waliobaki kule ziwani, wanaovua, wanaolima, wanaochuuza samaki. Kisha tunawatafuta ndugu zao na majirani zao waliohamia mjini, tunawapima pia. Watu wa asili moja, lugha moja, lakini maisha yamebadilika.

Tunauliza unakula nini, unavuta sigara, unakunywa, unatembea kiasi gani, una uzito gani. Tunafunga kile kitambaa mkononi, tunapuliza, tunasoma.

Na tulikuwa tunachukua mkojo. Mkojo wa mchana na usiku mzima, kwenye jerikeni. Maana mtu anaweza kukudanganya kuhusu chumvi anayokula, lakini mkojo haujui kudanganya.

Wakuu, hiyo jerikeni ilitutesa. Kule Asembo kuna mzee alitufukuza na fimbo akiamini tunaenda kuuza. Mwingine alitupa maji ya ziwa, na ilionekana kabisa kwa sababu yalikuwa na kadagaa ndani.

Sasa jina la Mama likaingia kwenye utafiti, kama mtu wa Asembo aliyehamia Kisumu. Mimi sikuruhusiwa kumpima mtu wa kwetu, kwa hivyo Daktari alikuja mwenyewe.

Vyoo vya Kaloleni vilikuwa vya kushirikiana. Mama akawa anapita mbele ya majirani na jerikeni yake, kwenda na kurudi, kichwa juu kama anaenda kanisani. Jirani yetu Mama Zena, Mwislamu mmoja mchangamfu aliyekuwa anapika mandazi ya kuuza, akamuita kutoka mlangoni kwake:

"Mama Achieng, mafuta ya taa umeipata wapi? Mimi natafuta tangu jana!"

Mama alicheka mpaka akakalia ngazi. Na mafuta ya taa yalikuwa yameadimika kweli wiki hiyo, kwa hivyo Mama Zena hakuelewa kicheko ni cha nini.

Majibu yakaja. Presha ya Mama ilikuwa juu. Si juu kidogo.

Daktari alikaa kwenye kiti cha Baba, akamwambia taratibu. Mama akamsikiliza kwa adabu, kisha akauliza:

"Lakini mimi siumwi mahali. Naumwa wapi?"

"Huumwi, Mama. Presha haipigi hodi. Lakini ikikaa juu hivi, inaweza kuleta stroke."

"Italeta kwangu?"

"Hiyo siwezi kusema."

"Si wewe ndio daktari?"

Daktari akatabasamu. Akamweleza kwamba yeye hapigi ramli. Anaangalia watu wengi kwa pamoja. Akiwaweka wa Asembo huku na wa mjini huku, anaona waliokuja mjini, wakaongeza chumvi na uzito na wakaacha kutembea, wengi wao presha inapanda. Na wenye presha ya juu ndio stroke inawapata zaidi. Lakini katika hao, nani itampata na nani itamwacha, hajui.

Mama akafikiria. Kisha akasema maneno ambayo Daktari aliyarudia mara nyingi baadaye tukiwa kazini:

"Sasa kama hata wewe hujui ni mimi, mbona nile mboga bila chumvi kama dawa?"

Daktari alisema tu, "Mama, hilo swali linanisumbua hata mimi."

Alimwandikia aende hospitali apewe vidonge. Mama alivimeza kwa muda, akaona mwili uko vile vile, akaacha. Baba naye hakuona haja. Mwanamke anapika, anacheka, anaenda kanisani, ugonjwa uko wapi? Na suala la kupunguza uzito ndilo hakutaka hata kulisikia.

"Nyar Asembo akikonda, ndugu zake watasema nimeshindwa kumlisha. Ng'ombe zao nilitoa ya nini?"

Tukaishi hivyo. Mimi nilikuwa nasema, nanyamaza, nasema tena. Wenye wazazi mnajua.

Halafu siku moja ya soko, Mama akiwa soko la Jubilee anachagua nyanya, mkono wa kulia ukaacha kushika. Nyanya zikaanguka. Muuzaji akadhani ni bahati mbaya, akaziokota, akampa tena, zikaanguka tena. Alipomwangalia usoni akaona mdomo umeenda upande.

Mimi nilikuwa Asembo kazini. Dereva wa gari letu ndiye alileta habari. Njiani kurudi Kisumu nilikuwa nimeshika kile kipimo cha presha mapajani, na sikumbuki nilikichukua saa ngapi.

Nilimkuta Mama hospitalini amelala. Alikuwa anaongea lakini maneno yanatoka yamekunjana. Baba alikuwa amekaa kando ya kitanda na kikapu cha Mama cha soko, nyanya zote ndani. Watu wa sokoni walikuwa wamezikusanya wakampa.

Siku zilizofuata ndugu wa Baba wakaja kutoka Bondo. Shangazi mmoja akasema hii si ya hospitali, ameangaliwa na jicho baya hapo sokoni, kuna mama mmoja anajua kulitoa. Watu wakaitikia kwa vichwa.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache mbele ya dada zake. Siku hiyo alisema:

"Presha ilisemwa ndani ya nyumba yangu. Mimi nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Hakuna jicho hapa."

Mimi nikatoka nje nikalia.

Mama alirudi nyumbani. Stroke ilikuwa ndogo, walisema. Mdomo ulirudi karibu mahali pake, mkono ukaanza kushika kijiko, lakini mguu wa kulia ulikuwa unaburuta. Vidonge kila siku, chumvi ipunguzwe sana, na atembee.

Nikapika samaki bila chumvi. Mama akaonja, akasukuma sahani.

"Hii ni chakula ya maiti."

Nikabembeleza. Akageuza uso. Baba alikuwa anakula ya kwake pembeni, ile yenye chumvi. Akaangalia sahani yake, akaangalia ya Mama. Akaisukuma ya kwake mbali.

"Achieng, mimi pia nipakulie kutoka hiyo sufuria yake."

Nikampa. Akala tonge la kwanza, uso ukakunjamana, kila mtu aliona. Akameza.

"Ni mbaya kweli," akasema. "Nyar Asembo, kula tuwe wawili."

Mama akacheka kwa ule mdomo wake wa upande, akavuta sahani.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ilikuwa na sufuria moja. Nilijifunza kuweka ndimu, kitunguu, dania, na nyanya nyingi. Baada ya muda ulimi ukazoea. Baba alikuwa akienda matangani Bondo anarudi analalamika kwamba chakula cha watu kina chumvi kama ya ng'ombe!

Kutembea sasa, hapo ndipo Kaloleni ilipata habari.

Mnajua wazee wetu wa zamani. Mwanamume anatangulia, mke yuko nyuma huko na mzigo. Miaka yote nilikuwa naona mgongo wa Baba mbele na Mama akifuata. Jioni ya kwanza walitoka hivyo hivyo kwa mazoea. Baba akafika kwenye kona, akageuka, Mama bado yuko kwa Mama Zena, anaburuta mguu.

Baba akarudi. Wakaanza tena. Akatangulia tena, mwili umezoea. Akarudi tena.

Mwishowe akamshika mkono. Mchana kweupe, wakuu. Mzee mzima wa Bondo, na kofia yake kichwani, amemshika mke wake mkono, wanatembea pamoja polepole, na hawaendi mahali! Hawana kikapu, hawana msiba, hawaendi kanisani. Wanafika mwisho wa nyumba, wanarudi.

Maneno yakaanza. Kwamba Mama amemlisha Mzee kitu. Mama Zena ndiye alitetea, akawa anawaambia watu, "Kama iko hiyo dawa, aniuzie mimi kwanza."

Wenzake Baba, wale aliokuwa anacheza nao ajua, yaani bao, jioni, wakamtania mpaka akaacha kwenda kwa muda. Siku moja mmoja wao akamuuliza mbele ya watu, "Kwani mke anaweza kupotea Kaloleni, mpaka umshike?"

Baba akamjibu, "Mimi ndio nitapotea."



Wakaongeza mwendo kidogo kidogo. Kutoka mwisho wa nyumba mpaka barabarani. Kutoka barabarani mpaka kwenye kibanda cha magazeti. Baada ya kama mwaka walikuwa wanafika ziwani na kurudi. Mama alipungua, na Baba hakusema tena habari za ng'ombe.

Miaka ya tisini Daktari akarudi kwa follow-up, kuwapima tena wale wa zamani. Mimi wakati huo nilikuwa nimeolewa na nina watoto, lakini nilimpeleka mwenyewe nyumbani. Akampima Mama, akapima tena mkono wa pili. Presha ilikuwa imetulia. Akafurahi sana, mpaka akamwita "dada yangu".

Kisha Mama, ambaye hakusahau mazungumzo yao ya kwanza, akamuuliza:

"Daktari, sasa ni gani iliniponya? Vidonge, ama chumvi, ama kutembea?"

Daktari akacheka. "Mama, kwa watu wengi naweza kukuambia kila moja inasaidia. Lakini kwako wewe peke yako siwezi kuzitenganisha. Hata leo sijui."

"Mimi najua," Mama akasema. "Umenipima mara nyingi bure. Ungempima huyu."

Akamwonyesha Baba na ule mkono wake wa kulia. Baba akajifanya anatafuta kofia yake, na ilikuwa kichwani.

Hao wazee wangu wote wametangulia sasa, Baba kwanza, Mama baadaye sana. Wamelala Bondo.

Nilichojifunza ni hiki. Zile research hazikuambii wewe utaugua. Zinakuambia uko kwenye njia ambayo wengi wameangukia. Jirani yako anaweza kula chumvi akafika uzee mkubwa, na mwingine akajichunga akaugua, na bado utafiti ukawa sahihi. Mama aliona kutojua huko kama ruhusa ya kuendelea. Wengi wetu ndivyo tunavyofanya.

Na ukiwa na mgonjwa wa presha nyumbani, usimpikie peke yake ukamwambia avumilie. Kuleni naye. Daktari aliandika chumvi na uzito wa Mama, lakini hakuna mahali alipoandika nani anakula naye, na mimi naamini hapo ndipo vidonge vilipopata nguvu.

Kama kuna mtu humu anafanya kazi ya utafiti, anikosoe kwa upole, nilikuwa form four tu. Na wengine, niambieni kwenu ilikuwaje: nani alikubali kubadilisha sahani yake kwa ajili ya mwingine? Nitasoma zote, hata za kunicheka.