Mtamba wa Endarasha Sikumwiba

Nimekosa, jamani. Tena kosa lenyewe ni la kijinga hata naona haya kuliandika. Wenzangu hutubu dhambi walizofanya. Mimi nilitubu dhambi ambayo sikuifanya!

Niliokoka nikiwa kijana, kwetu Wamagana, miaka michache baada ya uhuru. Baba alikuwa amefariki, tulibaki mimi na mama. Sisi tuliookoka tulijulikana kwa mbali: hatukunywa pombe, tulisalimiana "Bwana asifiwe", na kila Jumamosi tulikutana kuomba na kushuhudia. Kushuhudia ni kusimama mbele ya ndugu na kusema wazi Yesu alikutoa wapi.

Shida ni kwamba mimi hakunitoa mbali! Sikuwahi kulewa wala kupigana. Ndugu Stefano, aliyekuwa akilala mitaroni kwa ulevi, akisimama watu walilia. Mimi nikisimama kusema nilikuwa nikimjibu mama vibaya, watu walikohoa. Wivu ukanila, nasema ukweli. Kumwonea mtu wivu kwa dhambi zake!

Sokoni nilikuwa nimesikia kwamba Mzee Gachau wa Endarasha ameibiwa mtamba wake, ng'ombe mchanga ambaye hajazaa. Endarasha ni mbali, nikajidanganya maneno hayatafika. Jumamosi hiyo nikasimama nikasema, "Ndugu zangu, yule mtamba wa Endarasha niliiba mimi."

Wueh! Wimbo ukapanda, nikabebwa juu juu. Stefano alinikumbatia akilia. Raha niliyoisikia siku hiyo, Mungu anisamehe.

Kisha Mama Ruthu, mkubwa wa kundi letu, akainua mkono.

"Bwana asifiwe. Na hiyo ng'ombe ya watu iko wapi?"

"Ni... niliuza."

"Basi utalipa, ndugu. Hata Zakayo alilipa. Sisi tutakusindikiza."

Nilikuwa nimesahau kabisa! Kwetu, toba bila kurudisha haikuwa toba. Ningesema pale pale kwamba nimedanganya, aibu ingekuwa ya siku moja. Lakini nikasema nitalipa. Mtego nilioutega mwenyewe ukaninasa.

Nyumbani tulikuwa na ng'ombe mmoja tu, Njeru, na maziwa yake ndiyo yaliyotulisha. Nilipomweleza mama, alicheka.

"Wewe? Ati wewe uibe ng'ombe, na hata jogoo ya jirani unaogopa?"

"Ni kweli, mama."

Aliniangalia, kicheko kikamwisha. Akaenda akamfungua Njeru kamba kwa mikono yake. Tangu hapo hakukaa tena viti vya mbele kanisani. Alikaa nyuma, karibu na mlango.

Tulipofika Endarasha na ndugu wa kundi, Mzee Gachau alitupokea na fimbo. Nikasema uongo wangu, nikamkabidhi kamba. Fimbo ikamponyoka.

"Mimi nimezeeka," akasema, "na sijaona mwizi analeta ng'ombe mchana. Huyo Yesu yenu, hata mimi namtaka."

Akaokoka pale pale, yeye na mkewe! Sasa niambie, wewe ungefanya nini? Ukweli wangu ungemwangusha mzee wa watu. Nikapiga magoti nikaomba nao.

Nikaanza kuitwa kushuhudia Karatina, Nanyuki, hadi Nyeri mjini. Waliniita ndugu wa mtamba. Mbele ya watu niliomba kwa sauti, lakini nikiwa peke yangu sikuweza kupita "Baba yetu". Nilimwogopa yule niliyekuwa nikimtangaza.

Miaka ikapita, mama akaugua. Niliapa kumwambia yeye tu kabla hajafa. Nikakaa kando ya kitanda, nikafungua mdomo, naye akanitangulia.

"Ule wizi yako nimeombea kila asubuhi, mtoto wangu. Najua Mungu alikusamehe. Sasa naenda na amani."

Nikasema, "Asante, mama." Ni hayo tu niliyosema! Alikufa akijua alizaa mwizi.

Siku ya mazishi Mzee Gachau alikuja kwa miguu kutoka Endarasha, akivuta ng'ombe mchanga kwa kamba. Akawaambia waombolezaji, "Huyu ni mjukuu wa ile ng'ombe mama huyu alitoa. Nimeleta kwa kijana, kwa sababu alikuwa mwaminifu." Watu wakaimba. Akaniwekea kamba mkononi, nami nikaishika.

Ndugu yangu unayesoma, kama dhambi yako ni ndogo, tubu hiyo hiyo ndogo. Wakikohoa, wacha wakohoe! Usimtafutie Mungu sifa kwa uongo, utafungwa humo na hutaona mlango. Jumamosi wameniita tena Nanyuki, na najua nitaenda.

Sasa hivi nimetoka kumkatia majani. Yuko zizini kwangu, mtamba wa Endarasha, na safari hii nimemwiba kweli.