Matembezi ya Kupunguza Presha

Sisi tuliokulia Hallunda, huku Uswidi, kabla simu hazijajua kuhesabu hatua, mazoezi tuliyaona kwa mama zetu. Nesi alimwambia mama yangu kwamba presha imepanda vibaya, na asipopunguza chumvi na uzito moyo utachoka mapema. Mama alicheka mbele ya nesi. Tulipofika nyumbani akajifungia bafuni, nasi watoto tukaogopa kweli.

Basi kina mama wa kanisani, Waganda, Warundi, Wakongomani na sisi Wakenya, wakaanzisha matembezi ya kila Jumamosi. Walivaa vitenge juu ya suruali za michezo na makoti mazito juu ya vitenge, watoto tukifuata nyuma na makamasi yetu.

Shida ilikuwa njia. Ilipita kwenye nyumba za watu, na utapitaje kwa mtu bila kubisha hodi? Tukibisha, tunaketishwa. Hapa chai ya maziwa na mandazi, pale sambusa, kwa Warundi maharage yanayoelea kwenye mawese. Tulikuwa tunarudi tukihema, lakini si kwa kutembea. Mama alipopimwa tena, presha ilikuwa imezidi. Nesi akamuuliza kwa upole kama kweli anatembea. Mama akaapa kwamba anatembea mno.

Jumamosi iliyofuata wakaamua kupita nyuma ya majengo, wameinama chini ya madirisha kama wezi wa kuku. Mama Neema, Mkongomani aliyebaki nyumbani na mafua, akatuona. Dirisha likafunguka.

"Munapita ku mulango yangu bila kula? Nimewakosea nini?"

Wote wakatazama viatu vyao. Mama yangu peke yake ndiye aliyesimama wima.

"Dada, nataka kuwaona hawa watoto wakioa. Shuka tutembee."

Mama Neema alishuka na mafua yake, amebeba chupa ya chai. Haikuwa na sukari. Tangu siku hiyo presha ya Mama ikaanza kushuka.

Vijana wa leo wanakimbia juu ya mashine, masikio yamezibwa, na wasipojipiga picha wanaona jasho limepotea bure. Juzi nesi alinikuta na presha mimi pia. Nilipomweleza binti yangu, akanijibu kwa Kiswidi kwamba nipakue programu ya kuhesabu hatua kwenye simu. Nikaipakua, nikatoka, nikazunguka majengo yale yale bila mtu kuniita. Nikampigia Mama.

"Unatembea na nani?" akauliza.

"Peke yangu, Mama."

Nikasikia kiti kikisogezwa.

"Ngoja hapo hapo. Navaa viatu."