Siku Baba Alipomgonga Bi Mwanaidi Sebuleni

Zama zetu kompyuta ilikuwa na joto lake. Nyinyi mliolelewa pamoja nami kwenye yale majengo ya matofali ya Langley Park, huku ughaibuni, mnajua ninachosema: ukiiwasha ilivuma, ikanukia vumbi lililoungua, na wakati wa baridi paka wa jirani alikuja kulala juu yake. Ya kwetu Baba aliinunua College Park, chuo kikuu kilipokuwa kikiuza mashine zake kuukuu, akaileta nyumbani ndani ya buti la teksi yake imefunikwa kanga ya Mama. Ikawekwa sebuleni, kando ya kabati la vyombo vya wageni. Mpaka leo nikisikia harufu ya maandazi ya iliki naiona ile skrini, na vumbi likielea kwenye jua la alasiri.

Dada yangu Zuhura alikuwa na miaka kumi na minne, mimi kumi. Aliazima maktaba kitabu cha kutunga programu, akakirudisha na kukiazima tena mpaka mkutubi akachoka kumuuliza. Alitunga kwanza kwa penseli kwenye madaftari ya hesabu, halafu ndipo akaingiza kwenye kompyuta. Mimi nilikuwa mchoraji. Nilipewa karatasi ya miraba, mraba mmoja nukta moja, nikapaka rangi magari, taa na miti. Vijana wa leo wananunua mchezo umeshaiva, wanalalamika eti majani hayatikisiki sawasawa. Mti wetu sisi ulikuwa miraba sita ya kijani, na tuliushangilia, wallahi.

Tulichotunga ulikuwa mchezo wa mashindano ya teksi, kwenye ile barabara kubwa iliyopita mbele ya majengo yetu. Ulipata alama kwa kuwahi, lakini alama nyingi zaidi kwa kugonga watu. Ndiyo, watu. Msiniulize wazo lilitoka wapi. Mtu akigongwa ulisikika mlio wa pwaa, na huo ni mimi niliyepiga mfuniko wa sufuria mbele ya maikrofoni. Na kwa kuwa sikuweza kuchora nisiowajua, nikachora ninaowajua. Mama Kamau, nesi kutoka Nyeri aliyekaa mlango wa pili: alama ishirini. Papa Selestini, Mkongo wa ghorofa ya chini, na suti yake ya Jumapili: thelathini. Na Bi Mwanaidi wa ghorofa ya tatu, bibi wa Kiunguja aliyetusomesha Kurani kila Jumamosi, na kanga yake ya njano na mfuko wake wa kijani. Huyo tulimpa hamsini, kwa heshima ya umri.

Watoto wa jengo zima walijaa sebuleni kwetu. Disketi zikanakiliwa, zikafika skuli, mwalimu mmoja akauona mchezo, pakazuka zogo. Wazazi wengine walisema ni ukatili, wengine wakasema hawa ni watoto tu. Zuhura akapewa barua aipeleke nyumbani.

Mnazikumbuka barua za skuli? Wazee wetu Kiingereza cha kazini walikuwa nacho, lakini barua ndefu tuliwasomea sisi, na pilipili tulizitoa njiani. Zuhura akasimama mbele ya Baba, akatafsiri bila kupepesa macho: "Mtoto wenu ametunga mchezo wa magari, na skuli nzima inauzungumzia." Uongo haukuwamo hata chembe. Baba alifurahi mno. Akavua viatu, akavuta kiti.

"Hebu nione," alisema. "Dereva humu ndani si mimi?"

Laiti mngemwona! Kila kona alipinda mwili mzima. "Pisha! Pisha, bwana we!" Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akicheka. Mara mfuniko wa sufuria ukalia, na skrini ikaandika hamsini. Baba akaitazama ile kanga ya njano iliyolala barabarani. Akaiondoa mikono yake taratibu, akaiweka mapajani.

"Huyu Bi Mwanaidi."

Zuhura akajibu kwa sauti ndogo kwamba ndiye.

"Miaka kumi na moja naendesha teksi mji huu," Baba alisema. "Kila asubuhi nikiwasha gari naomba dua moja tu, nisimguse mtu. Leo mnanigongesha Bi Mwanaidi nyumbani kwangu?"

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Akatoa hukumu yake: kesho tupite mlango kwa mlango kwa kila tuliyemchora, tumweleze tulichofanya na tumwombe radhi. Akikataa mmoja tu, kompyuta inakwenda jaani. Zuhura alilia mpaka akapata kwikwi, maana hakuwa na kitu kingine duniani alichokipenda kama ile mashine.

Mama Kamau alitutazama juu mpaka chini. "Ati mimi ni points ishirini? Haki mko na bahati niko off leo!" Halafu akacheka mpaka akashikilia mlango. Papa Selestini yeye alitaka kujua suti imetokeaje. "Bon, nimewasamehe," alisema. "Lakini kravati yangu iko nyekundu, haiko bluu."

Bi Mwanaidi alifungua mlango, udi ukatoka kabla yake. Zuhura akaeleza yote, sauti ikimkatika. Bi hakusema amesamehe, wala hakusema hakusamehe. Akajitanda kanga, akateremka nasi ngazi moja moja, akaketi mbele ya skrini.

"Haya, nigongeni nione."

Pwaa. Akajitazama pale chini. Nje basi lilipita, vioo vya dirisha vikatetemeka.

"Mimi njia ile naivuka kila siku, kwenda kuwaogesha wazee wa watu," alisema. "Gari hazinisubiri. Nikifika ng'ambo nasema alhamdulillahi. Nyinyi wanangu mmenichora vizuri, mpaka mfuko wangu, kisha mkaniacha katikati. Nivusheni. Siku mtakayonivusha, nimekusameheni."

Ilichukua wiki mbili. Zuhura alifuta na kufuta mpaka daftari likatoboka. Mara Bi alivuka bila kichwa, mara magari yote yakarudi kinyumenyume. Hatimaye, Jumapili moja adhuhuri, theluji ikianguka na jengo zima likiwa kimya, Bi Mwanaidi aliketi tena pale. Baba ndiye aliyeendesha. Teksi ikaja mbio, ikaifikia kanga ya njano, ikasimama yenyewe. Mfuko wa kijani ukaenda mraba kwa mraba hadi ng'ambo.

"Alhamdulillahi," Bi alisema, akaweka mkono kichwani kwa Zuhura. Kompyuta ikabaki.

Bi Mwanaidi tulimzika zamani. Barabara ile sasa imechimbwa kupisha reli mpya, na kuivuka ni tabu kuliko zamani. Zuhura yuko Herndon, anatunga michezo kwenye kampuni kubwa. Huu wa magari walioutoa juzi mmeusikia wenyewe, wazazi wanataka uondolewe madukani kwa ajili ya damu iliyomo. Mimi na dada yangu tumegombana juu yake, nikimwambia damu hiyo haifai, na bado naona sikukosea. Mwanangu Idi anao. Anacheza mtandaoni na spika masikioni, anatukanana na watu nisiowajua na asiowajua. Inaniuma. Sisi tuliowakosea tuliwajua majina na milango yao. Idi akimkosea mtu mle ndani, nimpeleke wapi akabishe hodi?

Jumamosi iliyopita alinipa kiti chake, labda anicheke. Nikakata kona ya kwanza, nikakata ya pili, na mbele yangu akatokea bibi mwenye kanga ya njano na mfuko wa kijani. Nikamuuliza Idi ni nani yule. Idi akanieleza, kwa Kiingereza chake kama kawaida, kwamba huyo hagongeki, wote wamejaribu, gari linazima lenyewe. Ni kasoro, alisema, kampuni imeshindwa kuirekebisha.

Sikungoja gari lizime. Nikafunga breki mwenyewe, mbali naye.

"Baba, tunangoja nini?" Idi akaniuliza.

"Bi Mwanaidi anavuka," nikamwambia.

Akavua zile spika, akanisogelea, tukamngoja wote wawili mpaka akafika ng'ambo.