Siku Niliyopata Sifuri ya Moyo

Nimewahi kufeli hesabu. Nimewahi kufeli udereva, tena mara mbili. Lakini siku niliyofeli moyo ndiyo iliyoniuma.

Msicheke kwanza.

Mimi ni fundi makochi. Karakana ni yangu na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Tunamwita Tingatinga, mkimwona kwenye foleni mtaelewa.

Sisi wawili tunashindana kila kitu. Kupiga misumari, kula, mpaka kukoroma, majirani ndio waamuzi. Anayeshindwa anamwita mwenzake Mheshimiwa hadi shindano lingine, hata mbele ya wateja.

Sasa, baba mkwe alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo, mezani, katikati ya kicheko. Tangu hapo mke wangu hana raha. Ukihema kidogo tu, anakukazia macho.

Siku moja akatuburuza wote wawili hospitali tukapigwa picha ya kupima kalsiamu kwenye mishipa ya moyo.

Haiumi, wala hakuna sindano. Unalala chali, unabandikwa nyaya kifuani, kitanda kinaingia kwenye duara kubwa, unaambiwa ubane pumzi. Basi.

"Nimebana pumzi vizuri kukuzidi," Tingatinga akaniambia tukivaa mashati.

Majibu yangu yalikuja kwa ujumbe wa simu. Alama za kalsiamu: sifuri.

Yeye akaitwa na daktari ana kwa ana. Nikajua kaitwa apewe hongera.

Akarudi kifua mbele. "Mia nne na thelathini. Wewe je?"

Jamani, nilitamani kujificha chini ya kochi. Kalsiamu si ndiyo ile ya mifupa imara? Kumbe mwenzangu ana moyo wa mbao ya mninga, mimi wangu ni sponji ya bei ya chini.

"Sifuri, Mheshimiwa," nikajibu. Mteja aliyekuwa anachagua kitambaa akanionea huruma.

Wiki nzima nikanywa maziwa kama ndama.

Mwisho uzalendo ukanishinda. Nikamchokoza. Jumamosi tulikuwa tunapeleka kochi la watu watatu ghorofa ya nne, jengo halina lifti. Nikasema kila mtu abebe upande wake, atakayeomba kupumzika kwanza ameshindwa.

Akalitazama lile kochi. Halafu akasema, "Poa tu. Andaa ulimi."

Jumamosi asubuhi nikapitia hospitali kwanza, kuomba nipimwe upya. Nilijiona nina maziwa ya kutosha.

Daktari alivua miwani. "Unataka ziongezeke?"

"Hata mia mbili tu, daktari. Shemeji ana mia nne na thelathini, ananinyanyasa."

Tabasamu likamtoka. Akanieleza kwamba hiyo kalsiamu haihusiani na maziwa yangu. Ni kama ukoko, unajijenga kwenye kuta za mishipa ya moyo. Sifuri ndiyo kila mtu anayoitamani. Mwenye mia nne na kitu yuko kwenye hatari kubwa, anatakiwa awe anameza dawa.

"Akipanda ngazi anakuwaje?" daktari akauliza.

"Yuko fiti. Siku hizi anasimamasimama tu, anainama kufunga kamba za viatu."

Nilipojisikia nikisema hivyo, nikashtuka. Tingatinga miaka yote anavaa kandambili.

"Asibebe kitu," daktari akasema. "Mlete leo leo."

Nikatoka mbio. Simu ya Tingatinga inaita tu. Nikampigia mke wangu, tukakutana mlangoni mwa lile jengo.

Tingatinga alikuwa ameketi kwenye kochi, chini ya ngazi, mteja kasimama pembeni anaangalia saa.

"Umechelewa," akaniambia. "Umeshindwa."

"Nimeshinda. Sifuri ndiyo ushindi."

"Najua. Daktari aliniambia siku ile ile."

"Na dawa?"

Akaupapasa mto wa kochi. "Nimezishonea humu, ziondoke na kochi. Dada angeziona angeanza kulia kama alivyomlilia baba. Nikaona nikijisifu hataniuliza kitu."

Hakujua dada yake yuko nyuma yangu.

Mke wangu huwa anafoka mpaka mtaa wa pili. Siku hiyo hakufoka. Alichomoa kisu cha kukatia kitambaa kwenye mfuko wa vifaa wa kaka yake, akaupasua ule mto mpya, akatoa dawa.

"Inuka, Mheshimiwa," akamwambia kaka yake. "Twende hospitali. Sitaki kuzika tena."

Tingatinga akalia. Mimi nikalia. Mteja naye akalia, kwa ajili ya mto wake.

Siku hizi Tingatinga anameza dawa kila siku, anatembea jioni, na kochi likiwa la ghorofani tunaita wabebaji. Tumebaki kushindana presha. Juzi yake ilikuwa nzuri kuliko yangu, kwa hiyo hapa nilipo namwita Mheshimiwa, na namwita kwa furaha.

Funzo nililopata ni hili. Usiringie wala usilie kwa namba ambayo hujui maana yake, muulize daktari. Na mtu wako akianza kuinama ngazini kufunga kamba za viatu, mtazame miguuni.