Nilivyomchagulia Bibi Meli ya Waingereza

Uongo wangu mkubwa kuliko wote niliusema sebuleni kwa watu, mtaa wa Abu Hamour, Doha, saa kumi za jioni, nimeshika sahani ya tende. Nilisema, "Bibi anataka meli ya Waingereza." Bibi hakusema hivyo. Bibi alisema hataki meli yoyote, na alilisema hilo kwa Kiswahili kilichonyooka, mbele ya familia nzima, ila aliyemwelewa nilikuwa mimi peke yangu.

Nieleze vizuri. Bibi ni mama yake madamu, mwajiri wangu. Alizaliwa Unguja, akaletwa huku Ghuba kuolewa angali msichana, akazeeka na Kiarabu chake. Halafu kiharusi kikampiga. Alipozinduka, Kiarabu chote kilikuwa kimemtoka, kimebaki Kiswahili cha utotoni ambacho wanawe hawakijui. Ndipo nikatafutwa mimi kutoka Tanga, nimlishe, nimwogeshe, nimsukume kwenye kiti chake cha magurudumu, na zaidi ya yote niwe mdomo wake. Kwa miaka miwili, lolote alilosema Bibi, madamu alilisikia kwangu, kwa Kiarabu changu cha jikoni.

Mwaka ule nilikuwa nimeahidiwa likizo mwezi wa kwanza, na nilikuwa naingoja kwa roho yote, kwa sababu binti yangu alikuwa mjamzito. Mimba yake ya kwanza ilitoka yuko peke yake, mimi niko huku nambembeleza mama wa watu ale uji. Nilimsikia kwenye simu akilia, nikaapa sitarudia tena. Kwetu mtoto wa kike akizaa mara ya kwanza hurudi kwa mama yake. Mama ndiye humkanda kwa maji ya moto, mama ndiye humpikia uji wa pilipili manga, siku arobaini. "Mama, safari hii uwepo," aliniambia. "Nikikukosa tena..." Nikamwambia nitakuwepo, hata kama ni kwa kuogelea.

Sasa hapo hapo ndipo madamu akaingia na vitabu viwili vya picha za meli. Likizo ya familia, Bibi ndani yake, kwa hiyo na mimi ndani yake. Meli ya kwanza ya mtindo wa Kiingereza, inaondoka Uingereza mwezi wa kumi na mbili. Ya pili ya mtindo wa Kimarekani, inapakia abiria hapa hapa bandarini Doha, mwisho wa mwezi wa kwanza. Mwisho wa mwezi wa kwanza! Siku zile zile za binti yangu.

Watoto wa madamu waliitaka ya Wamarekani, na nani angewalaumu? Kwenye picha ilikuwa na ghorofa zisizohesabika, mabwawa, mabomba ya kuteleza, muziki mchana kutwa, vyakula havifungwi. Ya Waingereza ilikuwa ndogo, ya wazee wenye vitabu mapajani, jioni lazima uvae vizuri ndipo ukale, na ukitoka hapo unakwenda kujibu maswali ya chemshabongo. Mtoto mkubwa akasema hiyo ni hospitali inayoelea. Madamu mwenyewe alipenda utulivu, lakini aliogopa kununiwa na watoto. Akasema, "Basi tumwache mama achague."

Jamani, nilifanya kampeni! Wiki nzima nilikuwa namsomea Bibi ile meli ya Waingereza kana kwamba ni ya baba yangu. Nilikuwa nimesikia madamu akisema kwamba Waingereza huweka birika la chai kila chumba, ilhali Wamarekani hawaweki, wao ni kahawa na barafu. Nikaona hapo ndipo pa kushikia, maana Bibi bila chai ya iliki hafungui jicho.

"Bibi, kuna birika chumbani, unaambiwa."

"Birika si ninalo hapa?"

"La huko linakaa kitandani karibu yako."

"Na hili liko wapi? Wee mtoto, una nini na birika?"

Nikaenda kumchemshia chai yake.

Siku ya uamuzi, madamu akamfunulia vitabu vyote viwili mapajani. Bibi akavitazama, akavifunga, akanigeukia. "Mwambie sitaki. Nilikuja nchi hii kwa meli, nikatapika njia nzima. Wao waende, mimi niache na wewe nyumbani."

Nilipiga hesabu yangu upesi upesi. Nikisema ukweli, watoto wameshinda, familia inapanda ya Wamarekani mwezi wa kwanza, na mimi nabaki Abu Hamour na Bibi. Binti yangu anazaa peke yake. Nikisema Waingereza, tunakwenda mwezi wa kumi na mbili, tunarudi, mwezi wa kwanza niko Tanga. Basi nikafungua mdomo wangu huu nikasema nilichosema. Madamu akambusu mama yake kichwani kwa furaha. Bibi akanitazama, akadhani yameisha.

Nilijiona mjanja, wallahi. Kumbe najipalia makaa.

Meli ya Waingereza inaanzia Uingereza, na Uingereza Mtanzania haingii bila viza. Wao kwa pasi yao ya Qatar hawakuhitaji kuhangaika sana. Mimi nilipelekwa na dereva wa nyumbani, kijana wa Kikenya, kwenye kituo cha viza kutoa alama za vidole. "Mathe, sasa wewe ni mtu wa majuu, mtu wa Ulaya," alinitania njiani, "ukifika huko usitusahau sisi masufferer wenye shida." Nilicheka mpaka machozi. Pale dirishani nikaambiwa niache na paspoti, itarudi majibu yakitoka. Miaka yote miwili paspoti yangu ilikuwa kabatini, chini ya khanga zangu. Nikaitoa kwa mkono wangu mwenyewe, na kumshukuru aliyeipokea nikamshukuru.

Siku ya tisa tangu niiache paspoti, asubuhi, namlisha Bibi uji, mkwe wangu akapiga simu. "Mama, uchungu umemshika." Nikamwambia haiwezekani, miezi saba hii. Akasema, "Umemshika, mama. Anakuita wewe."

Nilikimbia na kijiko mkononi. Madamu hakuwa mtu mbaya, sitamsingizia. Aliposikia tu akashika simu yake. "Leo hii unapanda ndege. Mama nitakaa naye mimi." Akaanza kutafuta tiketi, akauliza namba ya paspoti. Mikono yake ikasimama. Paspoti ilikuwa kwa watu wa viza.

Alipiga simu huko na huko asubuhi ile yote. Akajibiwa kwamba kuirudisha kabla ya majibu kunawezekana, lakini nako kuna siku zake. Nilimwambia twende tukakae pale pale kituo cha viza. Tulikwenda. Tulikaa kwenye viti vya bluu mpaka walipofunga, tukarudi. Kesho yake tena. Nilimwomba Mungu, nikamwomba mlinzi, nikamwomba mama mmoja wa usafi ambaye hata hakujua ninasema nini. Sikuwa na akili tena. Binti yangu alikuwa amejifungua mtoto wa kike, mdogo, anapumua kwa shida, na kila nikipiga simu naambiwa bado yupo, bado yupo. Siku ya tatu asubuhi mkwe wangu akapiga mwenyewe, nikajua kabla hajasema. Walimzika adhuhuri.

Paspoti ilikuja siku mbili baadaye. Dereva aliileta, watoto wakaikurupukia, wakaifungua, wakaona viza imebandikwa. "Mabruk! Mabruk!" Wananipongeza, wanarukaruka. Watoto ni watoto, hakuna aliyewaambia. Mimi nikakaa chini sakafuni pale pale, nikapiga yowe ambalo nyumba ile haijawahi kulisikia.

Bibi akanivuta bega. "Mwanangu, kisa nini?" Nikamwambia. Nikamwambia yote, na ule uongo nao. Akanishika kichwa. Halafu akasema, "Mwite mwanangu. Mwambie nilichosema siku ile."

Na nani wa kumwambia kama si mimi? Nikasimama mbele ya madamu, Bibi anasema, mimi nafasiri. Bibi anasema hataki meli. Bibi anasema alikataa tangu siku ya kwanza. Bibi anasema mtumishi wako alikudanganya, lakini ana mtoto, na mpeleke kwa mtoto wake leo.

Nilitegemea matusi. Madamu aliketi tu, mkono kinywani.

"Na yale mengine?" akauliza. "Mwaka jana uliponiambia mama yuko radhi nami. Alisema yeye, au ulisema wewe?"

"Wallahi alisema yeye."

"Nitajuaje?"

Bibi akawa ananivuta mkono wa nguo, anauliza, "Anasema nini? Anasema nini huyu?" Sikuweza kumfasiria.

Nilisafiri usiku ule. Tiketi ilikuwa ya kwenda tu, na mimi sikuuliza.

Tanga nilimkuta binti yangu chumbani kwangu, amejifunga khanga kwa nguvu kifuani ili maziwa yakauke. Aliniamkia kwa adabu, nikamwitikia. Nikachemsha maji na majani ya mwarobaini, nikamkanda kama anavyokandwa mzazi yeyote, tumbo, nyonga, miguu. Siku mbili hatukuzungumza lolote zaidi ya moto, baridi, hapo, hapo. Siku ya tatu ndipo nikamsimulia, meli, Bibi, paspoti, sikumficha kitu. Nilitaka ajue nilihangaika kwa ajili yake.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mama, ungesema tu alivyosema yule bibi, paspoti ingekuwa kabatini."

"Ndiyo."

"Ungepanda ndege siku ile ile."

"Ndiyo, mwanangu."

"Aliishi siku mbili," akasema. "Ungemkuta."

Akavuta khanga, akanigeuzia mgongo. Nikachovya kitambaa kwenye maji, nikakamua, nikaanza kumkanda mgongo.