Bi Hamira na Kimeng'enya Kilichopewa Jina Kabla ya Kupimwa

Pale maabara walimwita Bi Hamira, naye hakununa, maana hamira aliiheshimu kuliko wengi wa waliompachika jina hilo. Mkuu wake hakumheshimu hata chembe. Lilikuwa jibaba la tai za kumetameta, halijagusa kifaa cha kazi tangu lipewe kiti cha kuzunguka.

Mkuu huyo alikuwa ametangaza mkutanoni, kifua mbele, kwamba hamira yao ya porini ina kimeng'enya kipya kinachovunja sukari ya mezani. Ushahidi wake ulikuwa maji ya hamira iliyopondwa: yalitiwa kwenye sukari, sukari ikavunjika. Basi, makofi.

"Mkuu, humo mna vimeng'enya chungu nzima," Bi Hamira alimwambia. "Umejuaje kuwa ni hiki ulichokipa jina?"

"Mama, sayansi inataka ujasiri."

Bi Hamira akamtazama kama inzi aliyetua kwenye chai, akarudi mezani kwake. Alikichuja kimeng'enya kile juu ya barafu, vidole vikimfa ganzi, mpaka kikabaki peke yake. Akakipa sukari ya mezani. Wapi! Hakikuigusa. Akakipa sukari ya kimea, ile ya nafaka iliyochipua, na dawa ya kupimia glukosi ikageuka nyekundu: imevunjika. Akarudia, akabadilisha joto, akabadilisha uchachu; jibu likawa lilelile.

"Utamwaibisha mtu mzima mbele za watu?" dada yake alimuuliza nyumbani.

"Aibu yenyewe anayo, dada?"

Mkuu alipoonyeshwa matokeo alikohoa kidogo. "Ndicho nilichomaanisha. Jina langu litangulie kwenye makala."

"Litangulie. Ila kwanza simama kwenye mkutano uleule, useme kwa kinywa chako kwamba ulikosea."

Uso ukamvimba kama unga uliozidishwa hamira. Alizunguka kwenye kiti chake, akatazama dirishani, kisha akasema jina lake liondolewe kabisa. Bora akose sifa kuliko kutamka neno hilo moja.

Makala ikatoka kwa jina la Bi Hamira peke yake. Wenzake wakamzunguka kwenye chumba cha chai, wakamsifu, wakasema wao walijua siku zote. Ni walewale waliomshangilia mkuu. Furaha aliyokuja nayo asubuhi ikamwishia hapohapo.

"Asanteni," alisema, akawaacha na chai yao.