Mwiko Aliouzidisha Lubwama

Anayeezeka nyumba ya makaburi ya Makabaka, wafalme wa Buganda, pale Kasubi halali na mkewe mpaka kazi iishe. Akilala naye, paa litavuja. Mwiko ni huo tu, wala hauna nyongeza. Lubwama aliuongezea.

Alikuwa wa ukoo wa Ngeye, wenye kazi ya kuezeka nyumba hiyo tangu zamani, na aliipenda. Nyasi zake alizichambua kama mtu anayechana nywele za mwanawe. Ndani, chini ya miviringo hamsini na miwili inayoshika paa, mmoja kwa kila ukoo, alitembea bila viatu hata pasipokuwa na mtu wa kumwona.

Lakini katika ukarabati uliotangulia, maji yalipenya upande wake, yakalowesha pazia la nguo ya magome ya mti linaloficha makaburi. Wenzake hawakuacha kumtania.

"Lubwama, ulipitia nyumbani kidogo, eh?"

"Mwacheni jamani, matooke ya mkewe matamu!"

Hakuwa amekwenda. Nani angemwamini? Basi safari hii aliapa kwamba hatakanyaga kabisa kwake Nansana, ingawa mkewe, Nabukenya, alikuwa mjamzito.

Asubuhi moja Kaweesi, kaka yake Nabukenya, alifika chini ya paa akihema.

"Shemeji, dada ana uchungu tangu jana. Mtoto hatoki. Mkunga anasema hospitali, apasuliwe, na yeye anaogopa kisu. Anasema bila wewe haendi."

"Mwambie aende. Nimebakiza kipande kidogo."

Mzee Kakeeto, mkuu wa waezekaji, alisikia. "We Lubwama, shuka uende! Mwiko ni wa kulala na mke. Mwenye uchungu utalala naye vipi?"

Waezekaji wakaangua kicheko. Kicheko hicho ndicho kilichomgandisha.

"Leo mnacheka," alisema. "Paa likivuja, mtasema nini?"

"Shemeji, nimwambie nini?"

"Mwambie namaliza."

Nabukenya alimngoja mpaka jioni, akikataa kila gari lililoletwa. Alipopoteza fahamu ndipo ndugu zake walipombeba. Alifia njiani, mtoto akiwa bado tumboni.

Watu wa ukoo wake walimchukua wakamzika kwao. Lubwama alifika na nyasi zingali mabegani. Mama mkwe, ambaye kwa desturi hakupaswa kuonana naye, alisema naye kutoka nyuma ya mlango.

"Umemaliza, baba?"



Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Paa halikuvuja. Hakuna aliyemtania tena, na hakuna aliyemsifu. Alikaa Nansana peke yake, na aliyemsalimu alijibiwa kwa kichwa tu.

Wapo wanaosema alikataa kushuka kwa ajili ya kumheshimu Kabaka. Si kweli. Kabaka hakumdai hayo, wala mwiko haukumdai. Alikuwa akilinda jina lake, na jina hilo lilimgharimu Nabukenya na mtoto ambaye hakuzaliwa.